Kaka katuma vidonge vya vitamini D, nami namdanganya kuwa mama anavimeza

BARUA

Dada mshauri, shikamoo.

Nakuandikia usiku, wote wamelala, maana mchana nikianza naishia kulia. Naomba jina langu usilitaje. Ujiji ni pakubwa lakini tunajuana.

Nina miaka 43, nimeolewa, nina watoto watatu. Tunaishi na mama yangu mzazi, ana miaka 76. Kazi yangu ni dagaa. Alfajiri napanda bodaboda hadi Kibirizi, nanunua dagaa mitumbwi inaporudi, naanika, wakikauka nawauzia wanaosafirisha kwenda Tabora na kwingine. Baba alikuwa mvuvi wa karabai, na mama ndiye aliyekuwa akimwanikia. Zaidi ya miaka thelathini mama alishinda pale mchangani, kanga kichwani, akigeuza dagaa na kufukuza kunguru.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Mama akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Siku ya kutoka eda tulipika, majirani walikuja, mama akavaa dira jipya. Kesho yake akarudi chumbani, na mpaka leo ni kama eda haijaisha. Anaswali chumbani, anakula chumbani. Akitoka ni kwenda msalani, tena kajitanda mtandio mpaka kwenye vidole. Nikimwambia, mama njoo uani uote jua kidogo, ananijibu, "Jua nimeliota la kutosha, mwanangu. Niacheni nipumzike."

Tangu hapo kuugua hakuishi. Masika ya mwaka jana alilazwa siku sita kwa nimonia. Kiangazi, lile vumbi lilipoanza, ikarudi, akachomwa sindano siku tano. Katikati ni mafua, homa za usiku, mara mkojo unamuuma. Daktari mmoja alituambia tu, "Ni uzee, kinga imeshuka." Neno hilo la kinga ndilo lililoleta yote haya, kwa sababu nilimpelekea kaka kama lilivyo.

Kaka yangu ndiye kifungua mimba, yuko Oslo, Norway, huu mwaka wa 14. Simsemi vibaya. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 na biashara yangu ikalala, yeye ndiye aliyetulisha. Dawa za mama analipa yeye, ada ya mwanangu mkubwa analipa yeye. Nilipomwambia habari ya kinga, akasema hilo analijua vizuri. Kule alipimwa akakutwa vitamini D iko chini, akapewa vidonge, na tangu aanze kuvimeza hajaugua mafua. Mtu wake alipokuja likizo akampa makopo manne atuletee. Kila kidonge yuniti 10,000, hizo wanazopimia vitamini. Maelekezo yake: kimoja kila asubuhi, na siku mama akikohoa, viwili.

Nilimpa mama wiki mbili. Akaanza kusema tumbo linamchafuka na choo kimekuwa kigumu. Nikaenda duka la dawa kununua dawa zake za presha, nikamwonyesha binti anayeuza lile kopo. Akalisoma, akaniuliza, "Bibi anatumia dawa gani ya presha?" Nikamwambia viwili, kimojawapo kile cha kukojoza. Akatikisa kichwa, akasema nikamuulize daktari kwanza kabla sijaendelea. Nikaogopa. Nikaacha kumpa. Kwa daktari sikwenda.

Na kaka sikumwambia. Kila Ijumaa anapiga simu ya video, swali la kwanza, "Mama anameza?" Nami nasema, "Anameza, kaka." Mama yuko pembeni, anasikia, ananyamaza. Imefika miezi mitatu.

Mdogo wangu aliyeolewa Tabora anasema vitamini D ni mambo ya watu wa baridi, huku kwetu jua linatuunguza, nimpe mama mawese na aache vidonge. Mume wangu anasema nisithubutu kumwambia kaka, atakasirika na msaada utakatika, na ada ya mtoto ndiyo hiyo.

Sasa mama anakohoa tena, wiki ya tatu hii. Kanga aliyokuwa akijifunga ikamtosha sasa inamzunguka karibu mara mbili. Ninamwangalia usiku najiuliza: kama ningempa vidonge vya kaka, je, asingekuwa mzima? Au nianze sasa kumpa viwili viwili kufidia? Na kaka nimwambie nini? Nisaidie, dada yangu. Naona kama nimemuuza mama yangu kwa woga.

Binti wa Ujiji


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na kuuguza, pole na kulia peke yako usiku.

Barua yako ina maswali matatu na yote yanazunguka kopo la vidonge. Lakini mimi nilipoisoma mara ya pili nilisimama kwenye sentensi mbili ulizozipita mbio: wiki ya tatu anakohoa, na kanga inamzunguka karibu mara mbili. Niruhusu nianze hapo, hayo mengine yanaweza kusubiri siku moja mbili.

Kikohozi kikipita wiki mbili, popote Tanzania, anayekohoa anatakiwa kupimwa kifua kikuu. Akiwa mzee aliyepungua mwili na anayepata homa za usiku, ndiyo zaidi. Sisemi mama anacho. Nasema hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama, na kinachojua ni kipimo cha makohozi na picha ya kifua. Kipimo cha makohozi na dawa za ugonjwa huo katika vituo vya serikali havilipiwi. Kwa wazee ugonjwa huu huja kimyakimya: pengine hakuna makohozi ya damu wala homa kali, mtu anakonda tu, hali chakula vizuri, na sisi watoto tunasema uzee. Na kwa kuwa wajukuu wanaingia chumbani kwa bibi yao kutwa, ni heri mjue mapema, kwa ajili yake na kwa ajili yao.

Waombe wapime na sukari, kwa sababu umetaja mkojo unaouma. Mzee anayepata maambukizi ya kifua leo na ya mkojo kesho, sukari iliyopanda ni mojawapo ya vitu vya kwanza kuangaliwa. Usikubali neno "kinga imeshuka" liwe mwisho wa maelezo. Linaweza kuwa kweli, ila kinga hushuka kwa sababu fulani, na sababu nyingine zina dawa. Jambo moja tena, dogo: beba vidonge vyote vya presha, usiende kuvieleza kwa mdomo. Dawa kama captopril na enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na daktari akikiona kidonge chenyewe anaweza kubadilisha. Mimi nilimuuguza mama mkwe wangu pale Isevya, Tabora, miezi minne tukihangaika na dawa za kikohozi, kumbe tulikuwa tunamnywesha kikohozi hicho kila asubuhi kwa mikono yetu. Bado inaniuma.

Sasa tuje kwenye kopo, na kwenye lile swali linalokunyima usingizi.

Kaka yako hakutunga. Vitamini D na kinga ya mwili vina uhusiano wa kweli. Chembe hai za kinga, zile zinazomeza vijidudu mapafuni, zina mahali maalumu pa kuipokea, na zikiipata ya kutosha hutengeneza kemikali yake yenyewe inayotoboa vijidudu na kuviua, vya kifua kikuu vikiwemo. Zamani, kabla ya dawa za kifua kikuu kuvumbuliwa, wagonjwa wake Ulaya walikuwa wakilazwa juani. Kwa hiyo aliyemwambia kaka yako kwamba kinga inaihitaji vitamini D alimwambia sawa.

Lakini kinga kuihitaji ni jambo moja, na kidonge kumzuia mtu asiugue ni jambo lingine. Hilo la pili limepimwa kwa watu wengi. Australia waliwachukua watu 21,315 wenye umri wa kati ya miaka 60 na 84, nusu wakapewa vitamini D kila mwezi kwa miaka mitano, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa. Waliomeza vitamini hawakupungua kuugua mafua na vikohozi. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha majaribio 25 wakaona vitamini hiyo inazuia kidogo mafua na vikohozi, na faida iliyoonekana zaidi ilikuwa kwa wale walioanza wakiwa na upungufu mkubwa, wakameza kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Mwaka 2025 hesabu hiyo ikarudiwa na majaribio mapya, watu zaidi ya 60,000, na faida ile ikapungua kiasi kwamba haikuweza tena kutofautishwa na bahati. Na nyumbani kwetu pia jambo hili limejaribiwa, Dar es Salaam: watu wazima 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wote wakiwa na vitamini D ya chini, walipokuwa wanaanza dawa. Matokeo yake yalitoka mwaka 2020. Vitamini D haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu.

Nimekuwekea hesabu zote hizi si ili ukamshinde nazo kaka. Ni kwa ajili ya lile swali lako la usiku. Hakuna ninachokijua kinachoonyesha kwamba miezi mitatu bila vile vidonge ndiyo iliyomwangusha mama. Na ukumbuke nimonia zote mbili zilitangulia kopo. Mzigo huo, mdogo wangu, hata kama utaendelea kuubeba, si wa haki.

Ila naye mdogo wako wa Tabora sina uhakika naye. Anasema huku kuna jua, hivyo vitamini D hatuna shida nayo. Kwa anayeshinda juani yuko sahihi kabisa. Hapahapa Tanzania waliwahi kupimwa Wahadza na Wamasai, watu wa nje kutwa, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu, wakati wataalamu wengi wanahesabu 50 kuwa inatosha. Ungempima mama yako miaka ile anageuza dagaa mchangani, sidhani angekuwa mbali nao. Lakini mama wa leo haishi Kigoma hiyo. Anaishi chumbani. Vitamini D haitoki kwenye joto la hewa, inatengenezwa ngozini miale inapoigusa ngozi yenyewe, na mtandio mpaka kwenye vidole unaizuia. Dirisha la kioo nalo linaizuia. Halafu umri: ngozi ya mtu wa miaka sabini na zaidi hutengeneza chini ya nusu ya anachotengeneza kijana kwa jua lilelile. Na sisi weusi twahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko weupe. Ukiyaweka hayo pamoja, mama wa Ujiji anaweza kabisa kuwa na upungufu sawa na mzee wa Oslo wakati wa baridi, jua likiwa hatua tatu kutoka mlangoni kwake.

Kwa hiyo kaka anaweza kuwa sahihi kwamba mama imempungua. Palipokwenda kombo ni dozi. Hata huko aliko, kwa mtu wa miaka 75 na kuendelea, mamlaka za afya hupendekeza yuniti 800 kwa siku. Kiwango ambacho watu wazima wanashauriwa wasikipite kila siku bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Kidonge cha 10,000 hutolewa na daktari kwa mtu aliyepimwa, kwa muda maalumu, huku anafuatiliwa. Huenda kaka alipewa hivyo hivyo, akadhani ndiyo dozi ya kila mtu. Tena vitamini hii hailingani na vitamini C, ambayo ikizidi unaikojoa. Hii hukaa kwenye mafuta ya mwili na kurundikana, na ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu: kiu, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, figo kuumia. Yule binti wa duka la dawa alikuuliza swali la maana sana. Vidonge vya kukojoza vya aina ya bendrofluazidi au haidroklorothiazidi huizuia kalsiamu isitoke na mkojo, na ukiongeza vitamini D nyingi juu yake, hatari inaongezeka. Sijui kama kichefuchefu cha mama kilitokana na hilo. Wiki mbili ni muda mfupi, na mzee huweza kukosa choo kwa kulala kutwa bila kunywa maji. Lakini kusita kwako hakukuwa woga mtupu.

Hilo la kumpa viwili viwili kufidia, nakusihi, liache. Kuna jaribio Australia, matokeo yake yalitoka mwaka 2010, ambapo kina mama zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea walipewa dozi moja kubwa ya yuniti 500,000 kwa mwaka. Wazo lilikuwa kuimarisha mifupa. Walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Vitamini hii haifidiwi kwa mkupuo.

Basi njia zilizopo ni zipi? Kupima damu ni mojawapo, lakini kipimo hicho hakipatikani kila mahali na si cha bei ya chini, na mwaka 2024 jopo moja kubwa la madaktari wa homoni la Marekani lilisema kuwapima watu wote si lazima. Jopo hilohilo lilishauri waliopita miaka 75 wapewe vitamini D bila hata kupimwa, kwa dozi za kawaida za kila siku, kwa sababu hesabu zilionyesha huenda zinapunguza vifo kidogo. Kwa mama wa miaka 76 anayekaa ndani, ukimuuliza daktari "je, kidonge kidogo cha 800 au 1,000 kitamfaa, ukizingatia dawa zake za presha?", hutakuwa umeuliza swali la kipuuzi. Anaweza kukubali. Anaweza pia kusema kwanza tuangalie figo, au tubadilishe kwanza hicho cha kukojoza. Vyovyote atakavyosema, aseme akiwa ameona kopo na orodha ya dawa.

Kuhusu chakula, mwambie mdogo wako mawese ni mazuri lakini hayo ni ya vitamini A. Ya D iko kwa samaki wenye mafuta, kwenye kiini cha yai na kwenye maini. Na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao humpa kalsiamu na protini, na protini ndiyo inayojenga mwili wa mzee uliopungua. Nakuuliza kwa upendo: wewe unauza dagaa, je, sahani ya mama ina dagaa au ina ugali wa muhogo na mchuzi? Mara nyingi mzee asiye na meno tunampa kilaini tu, na kilaini hicho ni wanga mtupu. Dagaa wakitwangwa na kuungwa, au mgebuka akichambuliwa miiba, vinamezeka bila meno. Mchunguze anamaliza kiasi gani akiwa anakula peke yake.

Nalo jua lenyewe. Wengi tumefundishwa kwamba la asubuhi ndilo lenye vitamini. Jua la saa moja, saa mbili ni la kupendeza, lakini miale inayohitajika bado haijafika, na Kigoma ndiyo zaidi, kwa kuwa mko magharibi kabisa mwa nchi na jua lenu huchelewa: utosini linafika saa saba hivi. Angalia kivuli. Kikiwa kirefu kuliko mtu, miale ni dhaifu. Kikianza kulingana naye, tangu kwenye saa nne, ndipo ngozi inafanya kazi. Haihitaji kuungua. Muda mfupi, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa kivulini, maji ya kunywa karibu. Mtu anayemeza dawa ya presha huweza kupata kizunguzungu akiinuka ghafla juani, hivyo asiachwe peke yake. Na uani kwenu, kukiwa na watu wa nyumbani tu, sitara yake haivunjiki akikunja mikono ya dira.

Lakini tatizo la mama si kutojua faida za jua, sivyo? Mwanamke aliyekaa mchangani zaidi ya miaka thelathini na mume wake leo anaambiwa atoke akaote jua peke yake, kama mgonjwa, kama nguo iliyolowa. Nikijiweka mahali pake, jua lile lina sura ya mtu aliyeondoka. Pengine hataki kuliona. "Niacheni nipumzike" linaweza kuwa uchovu wa mwili unaougua, na ndiyo maana nimetanguliza vipimo. Linaweza pia kuwa huzuni iliyokaa muda mrefu mno mpaka imekuwa ugonjwa wenyewe, nayo hutibika. Mtajie daktari kwamba ni miaka miwili hajatoka chumbani. Umewahi kukaa naye ukamuuliza habari za baba, bila kumwambia ale, ameze au atoke? Na umewahi kumpa kazi? Sinia la dagaa wa kuchambua, lililowekwa uani penye kivuli cha nusu, na ombi la kweli kwamba wamekuzidi, huenda likamtoa mlangoni kuliko nasaha zangu zote. Huenda lisimtoe, au likamliza. Wewe unamjua, mimi namsoma tu.

Na kaka.

Mumeo anaogopa msaada utakatika, na hofu yake ina msingi, kuna ada ya mtoto ndani yake. Siwezi kukuambia kwamba kaka hatakasirika. Naona tu kwamba anayeuliza kila Ijumaa "mama anameza?" ni mtu aliye mbali mno kuweza kufanya lingine lolote. Kidonge ndicho mkono wake uliofika Ujiji. Ukimwambia "nilimnyima mama vidonge vyako", atasikia mkono wake umekatwa. Ukimwambia yaliyotokea kwa mpangilio, yaani tumbo, binti wa dukani, ile dawa ya kukojoza, ukaogopa kumuua na ukaogopa kumuudhi, ni hadithi nyingine, nayo ndiyo ya kweli.

Unaweza kumwambia kabla ya hospitali. Hatari yake ni mabishano wakati mama anakohoa, na siku zinapita. Unaweza kusubiri majibu, uende kwake na maneno ya daktari mkononi. Hilo lina heshima, na kaka atapata kazi mpya ya kufanya, kwa mfano kulipia picha ya kifua au kutuma vidonge vya 800 badala ya vile. Hatari yake ni kwamba kusubiri kukizoeleka, wiki inakuwa mwezi, kama ilivyokuwa. Unaweza kumwomba mtu mzima wa ukoo, baba mdogo au shangazi anayesikilizwa na kaka, akutangulie. Hapo unapunguza makali, lakini kaka anaweza kuumia kwamba wengine walijua kabla yake. Na unaweza kunyamaza, kama mumeo anavyotaka. Niseme wazi linalonitia hofu hapo. Siku mama akilazwa, daktari atauliza anatumia nini, na kaka akiwa kwenye simu atajibu kwa uhakika, "vitamini D, 10,000, kila siku." Matibabu yataanzia kwenye uongo. Hiyo si hasara ya msaada tena.

Kuna mmoja ambaye barua nzima hakuulizwa. Mama anakaa pembeni kila Ijumaa, anasikia unasema anameza, ananyamaza. Umechukulia kwamba ananyamaza kwa kutojali. Je, kama anakusitiri? Je, kama naye anaogopa wanawe wagombane kwa ajili yake? Ni mtu mzima mwenye akili zake, mwili ni wake, na huenda maneno "mwanangu, vile vidonge vilinichafua tumbo" yakitoka kinywani mwake yasimkasirishe kaka hata kidogo. Muulize kabla ya Ijumaa, mkiwa wawili.

Hayo yapange utakavyoona mwenyewe. La kikohozi ndilo ninalokuomba lisingoje. Kesho acha mwingine akakununulie Kibirizi, mwamshe mama mapema, muwahi dirisha la wazee kabla foleni haijajaa. Mkobani weka vidonge vyake vyote vya presha na kopo moja la kaka. Akikohoa makohozi asubuhi hiyo, mwambie muuguzi mara tu mnapofika, na mketi karibu na dirisha lililo wazi. Kisha niandikie, nijue walisema nini.